Asante Yenye Wasikilizaji Wengi: Nyimbo za Urafiki wa Tanzania na China Zikisomwa kutoka Kua

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nyimbo za kizalendo zilizoimbwa nchini Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970 kuishukuru China, hususani kwa ujenzi wa reli ya TAZARA. Yanapinga maoni kwamba nyimbo hizo ni kasumba tupu isiyostahili uhakiki wa kifasihi. Uchambuzi umejikita katika msamiati wa shukrani, mnyambuliko wa vitenzi na nafasi ya msikilizaji asiyetajwa. Usomaji huu unafanywa kutoka Kua, mji-gofu katika Kisiwa cha Juani, Mafia, ambako simulizi na mabaki ya kale yana kauli yake juu ya mgeni, zawadi na deni.

Suala lenyewe

Uhakiki wa tungo za kipindi cha Azimio la Arusha umezoea kuzigawa katika makapu mawili. Kapu la kwanza hutiwa tungo za watunzi wenye majina, ambazo husamehewa siasa zake kwa sababu ya ufundi wake. La pili hutiwa nyimbo za kwaya za shule, za Jeshi la Kujenga Taifa, za matawi ya TANU na za bendi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, nazo huitwa nyimbo za kasuku, kisha kapu hufunikwa. Nyimbo za kuzishukuru nchi rafiki zimo katika kapu hili la pili, tena chini kabisa. Kumsifu kiongozi wa nchi yako kunaweza kutetewa kwa hoja ya uzalendo. Kumsifu mgeni kwa amri ya chama kunaonekana hakuna utetezi.

Ninaona kwamba hukumu hii ilitolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation (2002), alikwisha kuonyesha kwamba muziki wa Tanzania haukuwa bomba la kupitishia maneno ya dola kwenda kwa raia, kwani waimbaji na wasikilizaji walikuwa na nafasi yao ya kugeuza, kuongeza na kunyamazia. Lakini hata baada ya kazi hiyo, wimbo wa shukrani kwa taifa la nje umebaki yatima. Wanahistoria wameutumia kama pambo la sura zao kuhusu reli, wanafasihi hawakuugusa. (Ni ajabu pia kwamba kozi zetu nyingi za fasihi simulizi hufundisha nyimbo za jando na za harusi, zikaruka nyimbo za mapokezi ya mgeni rasmi, ambazo mwalimu na wanafunzi wote wamewahi kuziimba wakiwa juani.)

Historia inayohusika inajulikana, nami nitaipitia kwa haraka. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huohuo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya baharini imo mikononi mwa mahasimu. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi hazikukubali kugharimia reli ya kutoka Dar es Salaam. Mkataba wa serikali tatu ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970. Reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa Ubungo, na madaktari wa Kichina walikuwa wameanza kazi Tanzania Bara. Wataalamu wa China zaidi ya 60 walifia nchini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Kwa nini Kua

Msomaji atauliza, na ana haki, Kua inahusikaje na reli. Haihusiki. Reli haikufika Mafia wala haikukusudiwa kufika. Kwa sababu hiyohiyo nimepachagua. Nafsi ya wimbo wa kizalendo ni "sisi", na njia mojawapo ya kuipima nafsi hiyo ni kusimama mahali ambapo mtu anaitwa "sisi" kwa kitu ambacho hakukiona. Mkulima wa minazi wa Juani aliyesikia redioni kwamba tumejengewa reli alikuwa ndani ya kiambishi tu- sawasawa na kibarua wa Mlimba. Alitakiwa kushukuru.

Wala si kweli kwamba hakupata chochote. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa utaratibu wa mkopo wa bidhaa: Tanzania na Zambia zilichukua bidhaa za China, zikaziuza madukani, na fedha za mauzo zikalipa mishahara na vifaa vya humu nchini. Kwa hiyo mwananchi aliyenunua kitambaa au sufuria ya Kichina katika duka la ushirika alikuwa, bila kuambiwa, analipia reli. Hili ni jambo ambalo sijapata kuliona likigusiwa katika uhakiki wa nyimbo hizi, nalo linabadilisha hesabu nzima. Aliyeimba asante alikuwa pia mmoja wa waliotoa.

Sababu ya pili ni mabaki yenyewe. Kua iko upande wa magharibi wa Juani, kuta zake za mawe ya matumbawe zikiwa zimezongwa na mibuyu: jumba la watawala, misikiti, makaburi. Kama ilivyo katika miji mingine ya kale ya mwambao, vigae vya kauri za China vimeokotwa humo. Hotuba za kidiplomasia hupenda vigae kama hivi. Huvifanya ushahidi wa urafiki wa karne nyingi, pamoja na safari za Zheng He za karne ya 15, na tungo za urafiki zikachota humo taswira ya ndugu waliopoteana na kukutana tena. Lakini bakuli la Kichina lililofika Kua lilipita mikono ya wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi, na kila mkono ulilipwa. Mwenyeji wa Kua aliyelipanga bakuli hilo katika kidaka cha ukuta hakuwa na wa kumshukuru, maana alikwisha kulilipia. Kigae ni hati ya biashara, na katika biashara watu hutoka sawa. Tungo zinazokigeuza kuwa hati ya urafiki zinafanya kazi ya kifasihi inayostahili kuonekana kuwa ni kazi ya kifasihi. Zinaondoa bei.

Sababu ya tatu ni simulizi. Katika toleo linalosimuliwa sana, watu wa Kisimani Mafia waliwaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi majini, kisha wakawachukua watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, na jahazi likavutwa juu yao. Watu wa Kua hawakujibu. Walingoja miaka, kisha wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi. Wageni waliingizwa katika chumba cha chini, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe. Simulizi hii haiongelei zawadi kwa jina, lakini muundo wake wote ni muundo wa zawadi: mwaliko hulipwa kwa mwaliko, karamu kwa karamu, na muda unaopita kati ya kutendewa na kutenda ndio unaobeba maana. Marcel Mauss, aliyeandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba ndani yake wajibu wa kurudisha, hangehitaji kuwaeleza wazee wa Juani nadharia yake. Na mji wenyewe, uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ulikuwa katika visiwa ambavyo baadaye vilipita kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwenda kwa Wajerumani mwaka 1890, kisha kwa Waingereza mwaka 1915. Kila mtawala alikuja akijieleza kuwa ni mwenye hisani. Msikilizaji mwenye kumbukumbu hiyo ana sikio jingine kwa wimbo wa kumshukuru mgeni.

Maneno manne ya shukrani

Kiswahili hakina neno moja la kushukuru, na maneno yake hayabadilishani nafasi kirahisi. Asante linatokana na kitenzi cha Kiarabu cha nafsi ya pili chenye maana ya "umefanya vyema". Asili yake ni tathmini. Anayesema asante, kwa mujibu wa asili hiyo, amekaa mahali pa kupima kazi ya mwenziwe na kuipasisha. Hisani limetoka katika mzizi uleule, lakini limetua kwa mtoaji: hisani ni sifa yake. Fadhila lina asili ya ziada, kilichozidi stahili. Kupokea fadhila ni kukiri kwamba hukustahili. Shukrani, nalo, limezama katika matumizi ya kidini kiasi kwamba mtu aliyefiwa huambiwa ashukuru, yaani akubali asichoweza kukibadili.

Nyimbo za urafiki za kipindi tunachokijadili huelemea asante na kuikwepa fadhila. Sidai kwamba watunzi walifungua kamusi. Nadai kwamba sikio lao la lugha liliwaambia nchi iliyotangaza kujitegemea Februari 1967 haiwezi, Septemba mwaka huohuo, kusimama mbele ya dunia ikisema imefadhiliwa. Inaweza kusema mwenzetu umefanya vyema. Asanteni, kwa kiambishi chake cha wingi, inaweza kutamkwa na mtu aliyesimama wima. Ndiyo maana pia mtajwa katika nyimbo hizo huitwa ndugu au rafiki. Neno mfadhili, ambalo leo limejaa katika mabango ya visima na zahanati, halikuwa na nafasi katika wimbo wa 1970.

Kuna methali ambayo ilikwisha kuandaa uwanja huu. Katika insha yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, Nyerere alikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hii kwa kawaida humlenga mgeni mzembe. Mchina wa reli aliigeuza, kwa kuwa alifika tayari ameshika sururu. Kusifu kwa nyimbo jinsi wataalamu wa Kichina walivyofanya kazi kwa mikono, wakala na kulala kambini kama vibarua wao, kulikuwa ni kumpasisha mgeni kwa kipimo cha mwenyeji. Hapo asante inarudi kwenye maana yake ya asili.

Tumejengewa, tumejenga

Mtihani mkubwa zaidi wa kisarufi ulikuwa katika kitenzi. Tuchukue kitenzi jenga na uwezekano ambao lugha ilimpa mtunzi:

Wachina wametujengea reli.
Tumejengewa reli na Wachina.
Tumejenga reli na Wachina.

Katika sentensi ya kwanza, iliyo katika kauli ya kutendea, Wachina ni kiima na sisi ni yambwa tendewa: tumeketi, reli inatujia. Ya pili inatupandisha kuwa kiima, lakini kwa kauli ya kutendewa. Tunaongoza sentensi bila kufanya lolote ndani yake. Ya tatu ndiyo yenye mvuto kwa mhakiki. Kitenzi kimerudi katika umbo la kutenda, na neno na, lililokuwa la kumtaja mtenda katika sentensi ya pili, limekuwa la uandamani. Herufi mbili zilezile zimemwondoa Mchina katika nafasi ya mtendaji pekee na kumweka begani kwa mwenyeji. Na panapotumika kauli ya kutendwa, reli imejengwa na Wachina na Watanzania, maana mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Mwelekeo wa nyimbo za kwaya ni kuanza na sentensi ya aina ya kwanza na kuhamia, kadiri beti zinavyokwenda, kwenye ya tatu na kwenye vitenzi vya kutendana: kushirikiana, kusaidiana, kuelewana. Mpangilio wake unajulikana kwa yeyote aliyesoma shule ya msingi nyakati hizo. Mgeni anasalimiwa, chama na Mwalimu wanatajwa, msaada unatajwa, asante inatolewa, kisha kwaya inaahidi kufanya kazi. Mhakiki mwenye haraka huiona ahadi ya mwisho kuwa kiitikio cha propaganda. Kwa maoni yangu ni lazima ya kisarufi. Wimbo ulioanza na watendewa hauwezi kumalizika hadi watendewa wawe watenda, la sivyo waimbaji wangeteremka jukwaani wakiwa bado wamekaa.

Tena mageuzi haya hayakuwa uongo. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi katika reli ile, wengi wao vijana walioandikishwa kutoka vijijini, kama Jamie Monson alivyoonyesha kwa kirefu katika Africa's Freedom Railway (2009). Kwa kibarua huyo, "tumejenga" ilikuwa taarifa. Ugumu unaanza kwa mkulima wa Juani. Kwake "tumejengewa" haikuwa kweli na "tumejenga" haikuwa kweli, isipokuwa kwa njia ile ya mzunguko ya sufuria aliyoinunua. Hapa nyimbo zinashindwa, na sioni sababu ya kuzitetea. Hazikuwa na sentensi kwa ajili ya mtu aliyelipia bila kujua. Taifa lililoimbwa ndani yake lina bara pana, milima na mito. Mwenye jahazi humkuti.

Anayeambiwa na anayesikia

Nimekwisha kusema kwamba mhakiki hufunika kapu kwa sababu wimbo wa shukrani unaonekana una mlengwa mmoja, naye ni mgeni rasmi kitini. Kwa mtu wa mwambao dhana hii ni ngeni. Katika ukumbi wa taarabu, wimbo huelekezwa kwa mpenzi asiye na jina, na jirani aliyekaa safu ya tatu akajua ni yeye. Anayeinuka kwenda kutunza hutembea polepole, noti ikiwa juu, ili aonekane na mtu fulani. Askew ameeleza vizuri jinsi kutunza kunavyokuwa usemi. Erving Goffman alitenganisha msemewa na msikilizaji wa kando. Waswahili waliutenganisha mapema zaidi na wakaupa jina la kijembe.

Nani, basi, alikaa safu ya tatu mwaka 1970? Waliokataa. Kuisifu China kwa reli ambayo wengine walisema haina faida kulikuwa ni kuwaambia wengine hao, bila kuwataja, kwamba imejengwa. Marekani ilikuwa ikisaidia katika miaka hiyohiyo ujenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia. Barabara haikuitwa ya Uhuru, reli ndiyo iliyoitwa Reli ya Uhuru. Shukrani ilikuwa na uchaguzi, na uchaguzi ulikuwa na gharama. Tanzania ilishalionja jambo hili mwaka 1965, ilipoiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na ubalozi mdogo, Ujerumani ya Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere akajibu kwa kuukataa na msaada mwingine. Katika hali hiyo, kwaya ya watoto iliyoimba asante kwa nchi moja ilikuwa inasema pia na nchi nyingine, na balozi wa nchi hiyo nyingine, kama alikuwapo uwanjani, hakuhitaji mkalimani.

Usomaji huu unaondoa pia dhana kwamba mkondo wa shukrani ulikwenda upande mmoja. Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura 76 kwa 35 kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio hilo. Hapo wimbo ulikuwa umejibiwa kwa kitendo na mwimbaji mwenyewe. Kwa hesabu za Kua, karamu ilikuwa imerudishwa, na reli haikuwa imefika hata nusu.

Unguja inatoa mfano wa kulinganisha ambao nitaugusa tu. Nyumba za maghorofa za Kikwajuni Kilimani na mipango iliyozaa Michenzani zilitokana na urafiki wa baada ya Mapinduzi na Ujerumani ya Mashariki. Tangu 1990 nchi hiyo haipo. Wimbo wowote ulioishukuru umebaki na msemewa aliyefutika, na wasikilizaji wa kando ndio warithi pekee wa maana yake. Ghorofa zinakaliwa, asante haina anwani. Ikiwa mtu anataka kujua kama nyimbo hizi zilikuwa na kitu zaidi ya kumpendeza mgeni, aanzie Michenzani.

Kutoka ndugu hadi mwekezaji

Kuna neno moja ambalo nyimbo za reli zinalikimbia kuliko fadhila, nalo ni mkopo. TAZARA haikutolewa bure. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Msamiati wa ndugu hauna pa kuliweka deni lenye tarehe, na watunzi hawakulijaribu. Kwa upande huu hoja ya wanaowaita kasuku ina uzito, ingawa ninaitofautisha: kasuku hurudia alichoambiwa, hawa walijua nini wasikirudie. Ukimya uliochaguliwa unahakikiwa kama ushairi mwingine wowote. Nao uligharimu. Mwananchi aliyefundishwa kuimba urafiki bila mkopo hakuandaliwa kwa miaka ya 1980, pale madeni yalipotajwa kwa sauti, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakakubaliwa mwaka 1986, na ndugu wakageuka wafadhili katika lugha ya magazeti. Nyimbo za mapokezi hazikukoma. Zilihamia kwenye uzinduzi wa visima, na katika nyingi nilizozisikia sentensi ya tatu imepotea: zinaanza na tumejengewa na kuishia na tunaomba tena.

Juani na Chole zimepitia toleo lao la hatua hii. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995 ililetwa kwa maneno ya ushirikishwaji, huku mashirika ya kigeni yakiwa nyuma yake, na Christine Walley katika Rough Waters (2004) ameandika jinsi wakazi walivyoyapokea maneno hayo kwa matumaini, kisha kwa mashaka. Kushirikisha si kushirikiana. Tofauti ni ya viambishi tamati tu: katika kushirikiana pande mbili zinatenda, katika kushirikisha kuna upande unaoufanya mwingine ushiriki. Wavuvi wa Chole waliiona tofauti hiyo bila msaada wa mwanaisimu.

Septemba 2024, Beijing, serikali tatu zilezile za 1967 zilitia saini hati ya makubaliano ya kuihuisha reli ileile. Lugha ya tukio hilo, kwa upande wa Kiswahili, ilikuwa ya uwekezaji na uendeshaji. Mwekezaji ni nomino inayotokana na weka: anaweka ili achukue, na hakuna anayeona vibaya. Asante kwa maana yake ya tathmini ingemfaa, kwa kuwa kazi yake inaweza kupimwa. Hadi ninapoandika, sijausikia wimbo huo. Matangazo ya redio yaliyofuata hati ile yalisindikizwa na rekodi za zamani, zile za ndugu.